Kobe wa mtoto naye anahitaji kibali

Mtoto anarudi na kobe ndani ya beseni, kamwokota kichakani. Wadogo zake wanamzunguka, mama anamtupia mchicha, na kufikia jioni ameshapewa jina. Hakuna anayeuliza kama inaruhusiwa.

Hairuhusiwi bila kibali. Tanzania Bara, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamfanya mnyamapori kuwa mali ya umma. Wengi hudhani nyara za Serikali ni pembe na meno ya tembo tu, kumbe hata mnyama aliye hai anahesabiwa, na kesi yake inaweza kumfikisha mtu gerezani. Anayetaka kufuga huanzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, kabla ya kumchukua mnyama.

Kwa mzazi kuna la karibu zaidi. Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela huku akionekana mzima kabisa. Mtoto anamshika, anatia vidole mdomoni. Kinachofuata ni kuhara, homa na tumbo kuuma. Walio chini ya miaka 5 huzidiwa haraka, ndiyo maana wataalamu hushauri wasimguse kabisa. Na beseni lake lisioshewe jikoni.

Tumbili ana hatari yake. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, akaangaliwe kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kama kobe yuko uani tayari, usimwachie gizani kimyakimya. Mpigie ofisa wanyamapori, umweleze alikotoka.