Viambishi vya Mahali na Uchaguzi wa Picha za Filamu: Mfano wa Bonde la Songwe

Makala haya yakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa filamu awezavyo kuchagua picha zifaazo, na jinsi sarufi ya Kiswahili iwezavyo kumsaidia. Kwa neno picha twakusudia hapa kipande kimoja kilichopigwa na kamera bila kukatizwa, ambacho mafundi hukiita shoti.

Tuchukue mfano wa Ngana, wilayani Kyela. Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, hupita katika tambarare hadi Ziwa Nyasa. Wakati wa mafuriko huweza kuacha mkondo wake na kuchimba mwingine, na shamba lililokuwa ng'ambo hii likaonekana ng'ambo ya pili. Tuseme wanafunzi wanataka kutengeneza filamu fupi juu ya mkulima wa mpunga aliyefikwa na jambo hilo. Wapige picha zipi?

Kinachowavuta kwanza ni uzuri wa ziwa na wa Milima ya Livingstone. Lakini picha nzuri isiyoeleza jambo ni sawa na neno tamu lisilo na kazi katika sentensi. Hapana budi kuuliza: picha hii yamwambia mtazamaji nini ambacho iliyotangulia haikumwambia?

Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali. Ku- huonyesha upande au mahali pasipo dhahiri, pa- mahali dhahiri, na m- ndani. Tukisema "shambani kule kumejaa maji," twahitaji picha ya mbali, yenye upana wa bonde na kingo zote mbili. Tukisema "shambani hapa palikuwa na mgomba wa mpaka," twahitaji picha ya kati, mkulima akisimama mahali penyewe. Tukisema "nyumbani humu mmeingia tope," kamera nayo haina budi kuingia, ionyeshe alama ya maji ukutani. Si lazima kufuata mpango huo. Filamu yaweza kuanza ndani na kutoka nje. La muhimu ni kujua kila picha yajibu swali gani la mahali.

Tena, picha hupata maana kwa jirani yake. Mrusi Lev Kuleshov alieleza jambo hili karne moja iliyopita: uso ule ule wa mwigizaji ulisomwa kuwa wa njaa ulipofuatana na chakula, na wa huzuni ulipofuatana na jeneza. Uso wa mkulima wetu, basi, usiwekwe kabla ya kuamua utafuatana na mto au na ghala tupu.

Limebaki suala la upande. Anayetazama Songwe unakoelekea huwa na Tanzania mkono wa kushoto na Malawi mkono wa kulia. Akigeuka kutazama unakotoka, nchi hizo hubadilishana. Wanafunzi wakichanganya picha za namna hizi mbili bila kumwonyesha mtazamaji mgeuko wenyewe, mathalani mkulima akigeuka, mkulima aliyekwisha kupoteza shamba kwa mafuriko atalipoteza tena kwa kamera.

Kwa hiyo yafaa, kabla ya kwenda mtoni, kuandika kwa kila picha sentensi moja yenye kiambishi chake cha mahali. Picha isiyopata sentensi iachwe, hata ikiwa ni ya machweo ziwani.