Tuokoe Vitabu vya Shaaban Robert

Huko Lumuma, chini ya magunia ya vitunguu, nilionyeshwa Adili na Nduguze, chapa ya London ya mwaka 1952. Jalada lilikwisha kuliwa na mchwa. Mwenyewe, mzee mkulima, alinisimulia kisa cha manyani wawili pasipo kufungua ukurasa, akakataa katakata kukiuza. Ingawa kurasa mbili za mwisho alikwisha kuzisokotea tumbaku!

Ndugu wananchi, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Matoleo mapya yapo, nayo yasomwe. Lakini chapa za uhai wake hazitaongezeka. Viongozi wa vijiji na waziulizie nyumba kwa nyumba kabla ya masika. Mzee yule amekubali kuiazima shule kitabu chake, kwa sharti kifungiwe kabatini, na ufunguo akae nao yeye.