"Alipigwa sindano akawa kiziwi": bawabu wa damu ndani ya sikio

Karibu kila ukoo wa pwani una hadithi hii. Fulani alizaliwa anasikia vizuri, akaugua homa kali utotoni, akapigwa sindano hospitali, na tangu hapo hasikii. Wengine husema kijicho, wengine husema homa ilimpanda kichwani. Hapa London, ninapokutana na jamaa waliokuja kutibiwa kutoka Maskati na Dubai, nimeisikia zaidi ya mara moja, na wasikilizaji huipuuza. Kumbe sindano yenyewe inaweza kuwa na mkono wake.

Sikio la ndani halipokei damu ovyo. Koklea, kile kijumba kilichojikunja kama konokono, hulishwa na mshipa mmoja mwembamba tu, na kuta za mishipa yake midogo zimebanana sana. Wataalamu hukiita kizuizi cha damu. Mimi naona ni bawabu. Oksijeni na sukari, piteni. Vijidudu na sumu nyingi, rudini. Bawabu huyu pia ndiye anayelinda majimaji yenye potasiamu nyingi na umeme wa kama milivolti 80, yaani betri ya seli za vinyweleo zinazonasa sauti. Kila sikio lina seli hizo kama 15,000 tu, na zikifa hazioti tena.

Kelele kubwa humdhoofisha bawabu, na homa ya uti wa mgongo pia. Lakini ziko dawa zinazompita hata akiwa mzima: jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na ndugu zao. Zikishaingia, hutoka kwa taabu. Mgonjwa akipewa pamoja nazo furosemaidi, ile dawa ya kutoa maji mwilini, mlango huzidi kulegea.

London inalijua jambo hili zamani. Mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianza kuijaribu streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu, wengine wakiwa hospitali ya Brompton hapa hapa mjini. Wagonjwa 55 walipewa dawa. Iliokoa maisha, ila wengi wao walipata kizunguzungu, maana viungo vya kumweka mtu sawa asianguke vimo humo humo katika sikio la ndani. Kwetu Afrika Mashariki, kanamaisini iliendelea kutumika kwa kifua kikuu sugu hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri, mwaka 2018, iachwe.

Sasa, mbona watoto wawili hupigwa dawa ile ile, mmoja akasikia na mwingine asisikie? Mara nyingine ni kipimo au siku za dawa kuzidi. Mara nyingine ni urithi. Mwaka 2009 Maria Bitner-Glindzicz wa Chuo Kikuu cha London, UCL, na wenzake walionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya 500 hivi wa Kizungu hubeba badiliko la jeni linaloitwa 1555. Mwenye nalo anaweza kupoteza usikivu hata kwa kipimo cha kawaida. Hurithiwa kwa mama peke yake. Manchester wamebuni kipimo cha kitandani kinachotoa jibu kwa dakika 26, kwa sababu mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi ya damu anatakiwa apate antibiotiki ndani ya saa moja.

Basi waulizeni bibi na makhaloo: upande wa mama kuna aliyekuwa kiziwi baada ya sindano? Mwambieni daktari kabla hajaandika dawa. Lakini msiikatae jentamaisini kwa woga. Kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu, kuchelewa kunaua.

Bawabu huyo huyo huzuia tiba nayo. Mtu akiamka sikio moja limezima ghafla, hupewa vidonge vya steroidi, lakini kiasi kinachofika ndani kupitia damu ni kidogo. Ndiyo maana madaktari wengine huchoma dawa kupitia kiwambo cha sikio, ikae sikio la kati na kupenya yenyewe polepole. Wengi wetu husema ni nta, au ni baridi ya AC, wakangoja wiki mbili. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa kama huyo aonwe na mtaalamu ndani ya saa 24.