Je, Wajua? Sarafu za Rangi, Chui wa Kongo na Dhahabu ya Kilo

Je, wajua kwamba sarafu ya kwanza duniani kutiwa rangi na kuachiwa itembee sokoni kama pesa ya kawaida ilitoka Kanada, mwaka 2004? Ilikuwa ya senti 25, na katikati yake palikuwa na ua jekundu la mpopi, ukumbusho wa askari waliofia vitani. Zilitengenezwa karibu milioni 30. Watu walizipata kwenye chenji ya kahawa.

Wamarekani waliziogopa. Wakandarasi wa jeshi la Marekani waliopita Kanada walizikuta kwenye pesa zao, wakaona utando wa ajabu juu ya ua, wakaandika taarifa za siri kwamba huenda ni vifaa vya ujasusi. Habari ilifichuka mwaka 2007. Utando ule ulikuwa wa kulinda rangi tu.

Je, wajua kwamba timu za taifa nazo zimewekwa kwenye sarafu za namna hiyo? Mwaka 2009 Kanada ilitoa senti 25 zenye jani jekundu la taifa, moja kwa timu ya wanaume ya hoki ya barafuni na nyingine kwa timu ya wanawake. Zote mbili zilikuwa zimetwaa medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002. Na ushindi wenyewe una sarafu ndani yake: fundi wa barafu kutoka Edmonton, Trent Evans, alizika dola moja ya Kanada chini ya barafu, katikati kabisa ya uwanja, bila kuwaambia wenyeji. Leo dola hiyo imehifadhiwa kwenye jumba la kumbukumbu za hoki mjini Toronto.

Rangi hukaaje bila kufutika? Chuma hugongwa kwanza, na sehemu itakayopakwa huachwa imezama kidogo. Wino huingia humo, hivyo vidole na mifuko husugua kingo za chuma kabla ya kufikia wino.

Je, wajua kwamba hapa kwetu Kongo, mtoto aliyezaliwa Bunia leo anaweza kufikia utu uzima bila kununua hata pipi kwa sarafu ya nchi yake? Franka zetu ni noti tupu, tena nyingi zimechakaa hadi kulainika kama kitambaa. Lakini kwenye machimbo ya Ituri sarafu hazikufa. Wanunuzi wa dhahabu wamezitumia sarafu za zamani kama mawe ya mizani, pamoja na njiti za kiberiti kwa vipande vidogo zaidi. Pesa iliyokufa dukani inaendelea kupima utajiri wa nchi! Kipimo kikubwa ni tola, yaani gramu 11.66.

Dhahabu yenyewe ilitambuliwa na wageni mwaka 1903, pale Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walipoikuta kwenye mto Agola karibu na kijiji chetu cha Kilo. Wazee wetu waliichimba kwa kulazimishwa. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926, na jina la kijiji chetu likajulikana hadi Ulaya.

Je, wajua kwamba simba alitangulia chui kwenye sarafu za Kongo, kama alivyotangulia kwenye mpira? Sarafu ya franka 10 ya mwaka 1965 ilikuwa na kichwa cha simba, na timu ya taifa wakati huo iliitwa Simba. Mwaka 1967 ikaja pesa mpya, zaire, na sengi 10 ya aluminiamu ikabeba chui. Timu nayo, chini ya Rais Mobutu, ikageuka kuwa Léopards. Mwaka 1975 chui akapanda hadi kwenye dhahabu: zaire 100, katika mfululizo wa sarafu za kuhifadhi wanyama. Kwenye mfululizo huohuo, zaire 5 ya fedha ilikuwa na okapi, mnyama wa misitu ya Ituri yetu. Hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji wa sarafu. Mchimbaji wa Kilo hakuwahi kurudishiwa chenji kwa dhahabu.

Jirani yetu Uganda naye ameunganisha sarafu na timu ya taifa. Sarafu yake ya shilingi 500 ina korongo mwenye taji, ndege yuleyule aliyeipa timu ya taifa jina la Cranes. Haina rangi, ila kila muuza samaki wa Ziwa Albert ameishika.

Na Léopards wametufanyia nini? Walitwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa kwa bao moja la Pierre Kalala dhidi ya Ghana. Wakalitwaa tena Cairo mwaka 1974. Miezi michache baadaye wakawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Watu hupenda kukumbuka yale mabao tisa ya Yugoslavia. Mimi nakumbuka mabao tisa mengine, aliyoyafunga Ndaye Mulamba peke yake kwenye Kombe la Afrika la mwaka ule, yakiwemo yote manne ya fainali na marudio yake dhidi ya Zambia. Rekodi hiyo haijavunjwa.

Je, wajua kwamba Afrika ilimlilia Ndaye akiwa hai? Mwaka 1994 majambazi walimpiga risasi mguuni, wakidhani ana pesa. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kwa kulinda magari Cape Town. Mwaka 1998 ilisemekana amefukiwa kwenye mgodi wa almasi Angola, na kwenye Kombe la Afrika nchini Burkina Faso watu wakasimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea. Alifariki kweli mwaka 2019, mjini Johannesburg.

Benki Kuu ya Kongo ikirudisha sarafu siku moja, naomba ya kwanza iwe na sura ya Ndaye. Iwe ya thamani ndogo, ya kununulia ndizi. Rangi iwe kijani cha jezi ya 1974, na kile kichwa cha chui kifuani.