Tupige Hodi Kwenye Maktaba ya Chuo



Vikundi vyetu vingi vina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la mahesabu. Kinachokosekana ni mahali pa kutafuta jibu shida ikitokea. Kuku wanakufa ovyo, tunauliza jirani ambaye kuku wake pia wamekufa. Na huku pale sokoni kuna chuo cha ufundi au cha ualimu, kina chumba kizima cha vitabu, nasi twapita nje yake kila siku ya soko.

TUONE

Wengi wetu twauogopa mlango ule, na uoga huu una historia. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Ubaguzi ule uliisha, lakini fikira zilibaki: eti maktaba ni ya vijana, ya waliosoma, ya wenye Kiingereza. Mama wa miaka hamsini ataenda kufanya nini huko?

TUAMUE

Hebu tuchukue mfano. Mwanachama amefiwa na mume. Kabla ya siku arobaini, shemeji anakuja kuchukua ng'ombe na kusema shamba ni la ukoo. Kikundi kinamhurumia, kinachanga pesa za unga, basi. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba ni kosa mtu kuchukua au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Mwenye kufanya hivyo anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kama kikundi kingejua hayo mapema, kingemsindikiza mama huyo kwa chifu na mahakamani ng'ombe wangali zizini. Kujifunza, basi, si mambo ya shule tu. Mtu mzima hujifunza kwa sababu ana shida inayomngoja nyumbani.

TUTENDE

1. Andikeni barua kwa mkuu wa chuo, ikiwa na muhuri wa kikundi. Ombeni siku moja kwa wiki ya kusoma humo ndani. Maktaba ya chuo ni ya wanafunzi kwanza, kwa hiyo msidai kuazima vitabu. Ulizeni pia kama kuna ada.

2. Nendeni na swali moja. "Tunataka kusoma" ni neno pana mno. "Tunataka kujua jinsi ya kuzuia ugonjwa wa kuku" ni swali ambalo mkutubi anaweza kulishughulikia.

3. Jueni namba. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876. Sheria iko 340, afya na matibabu 610, kilimo 630, mifugo 636, nyuki 638, mahesabu 657. Hadithi na methali ziko 398. Ukishajua namba, hata rafu ndefu haikutishi.

4. Chagueni msomaji. Vitabu vingi ni vya Kiingereza, na wengine kati yetu hawajui kusoma kabisa. Mmoja asome, aeleze kwa Kiswahili, halafu wengine waelezane kwa lugha ya mama. Katika kikundi chenye Wakisii, Waluo na Wakalenjin, msikubali lugha moja ifunike zote. Mtu ambaye hakuelewa hatasema. Atanyamaza, halafu ataacha kuja.

5. Pelekeni kitu pia. Wazee wetu wanajua majina ya miti, mbegu za zamani na dalili za mvua, na mengi ya hayo hayamo kitabuni. Ombeni chuo kiwakaribishe wazungumze na wanafunzi. Mwanafunzi wa kilimo atatufafanulia kitabu, mzee atamfundisha kuusoma udongo. Wa kabila hili atasikia hekima ya kabila lile, na hapo heshima huanza.

Chuo kikikataa, msife moyo. Katiba ya 2010 imeweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Tafuteni maktaba ya umma iliyo karibu. Kama haipo, lileteni jambo hilo kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, mkiwa wengi. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana

- Ni shida gani moja iliyotusumbua mwaka huu kwa sababu hatukujua?
- Chuo kilicho karibu nasi ni kipi, na nani atapeleka barua?
- Katika mikutano yetu, ni nani huwa hasemi? Je, ni kwa sababu ya lugha?