Carnoustie 1999: Ubingwa Uliopotea Katika Shimo la Mwisho

Mashindano ya Open ya Uingereza, yaliyoanza mwaka 1860 na ambayo ndiyo makongwe zaidi kati ya mashindano manne makuu ya gofu ya kulipwa, huamuliwa kwa jumla ya mikwaju katika raundi nne za mashimo 18 kila moja, na mwenye mikwaju michache zaidi ndiye bingwa. Mwaka 1999, katika uwanja wa Carnoustie huko Scotland, Mfaransa Jean van de Velde alilifikia shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu, hivyo hata mikwaju sita katika shimo hilo, ambalo kipimo chake ni minne, ingempa taji. Badala ya kujihadhari, alilenga mbali. Mpira ukagonga jukwaa la watazamaji na kuangukia nyasi ndefu, kisha ukatumbukia katika kijito cha Barry Burn, naye akavua viatu na kuingia majini kabla ya kukubali adhabu ya mkwaju mmoja. Alimaliza kwa saba, na hata hiyo saba ilihitaji ustadi, kwani mpira ulikuwa umenasa mchangani.

Wachezaji watatu walilingana kwa mikwaju 290, wakarudiana kwa mashimo manne, na Mskoti Paul Lawrie akashinda. Wengi humkumbuka aliyeshindwa, jambo lisilo la haki kwa Lawrie, aliyeianza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi na kucheza raundi ya mwisho kwa mikwaju 67.