Jiwe, Msasa na Maji: Jinsi Vito Vinavyokatwa na Kung'arishwa

Kung'arisha jiwe ni kulikwaruza kwa mpangilio. Jiwe linapotoka shimoni au mtoni, uso wake umejaa mabonde na ncha ndogondogo, na mwanga ukiuangukia hutawanyika ovyo. Ndiyo maana hata kito cha thamani kinaweza kuokotwa na kutupwa na mtu asiyejua. Fundi huyasawazisha mabonde hayo kwa kulisugua jiwe kwa kitu kigumu kulishinda, nacho kitu hicho huacha mikwaruzo yake. Mikwaruzo hiyo huondolewa kwa unga laini zaidi unaoacha mikwaruzo midogo zaidi, na kazi huendelea hivyo mpaka inayobaki ni midogo mno kuweza kuutawanya mwanga. Hapo jiwe hung'aa. Kwa mawe magumu hakuna dawa inayopakwa wala rangi inayoongezwa. Mng'ao ni uso wa jiwe lenyewe uliosawazishwa.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliyafahamu matunda ya ufundi huu karne nyingi zilizopita. Katika magofu ya miji ya Waswahili, Kilwa ikiwamo, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua shanga za akiki nyekundu, na mji uliosifika kwa kuzitengeneza ulikuwa Khambhat, huko Gujarati nchini India. Mafundi wa Khambhat huyachoma mawe kwanza ili chuma kilichomo kiyatie wekundu. Kisha huliegemeza jiwe kwenye ncha ya chuma na kuligonga kwa nyundo ya pembe ya nyati, ndipo hulisaga na kulitoboa. Mawe yalisafiri upande wa pili pia: mwanazuoni al-Biruni, aliyeandika katika karne ya 11, alitaja bilauri, yaani kwatzi angavu, iliyopelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, jina la kale la pwani hii. Ulaya, mji wa Idar-Oberstein nchini Ujerumani uliishi kwa akiki. Mafundi wake walilala kifudifudi juu ya viti vya mbao, mbele ya magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga yaliyozungushwa na maji ya mto, wakilisukuma jiwe kwa nguvu za mwili mzima. Leo mwenye meza, umeme na ndoo ya maji anaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani, na kwa watu wengi wa Ulaya na Amerika Kaskazini ni burudani ya jioni na siku za mapumziko. Afrika Mashariki, ambako mengi ya mawe yenyewe yanatoka, inastahili kuwa na wapenzi wengi zaidi wa ufundi huu.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu jiwe ni ugumu wake. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi kwa kuangalia jambo moja tu: lipi linalikwaruza lipi. Talki ni namba 1, jasi 2, kalisaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, korandamu 9 na almasi 10. Yakuti nyekundu, inayoitwa pia rubi, na yakuti ya buluu zote ni korandamu. Namba hizi zinaonyesha nani yuko mbele ya nani, hazionyeshi kwa umbali gani: almasi imeipita korandamu mbali kuliko korandamu ilivyoipita topazi. Ukucha wa mtu una ugumu wa karibu 2.5, na kisu cha chuma karibu 5.5. Kwa hiyo jiwe linalokwaruzika kwa kisu ni laini. Linafaa kwa sanamu au kidani, lakini pete ya jiwe hilo haitachukua muda kufifia, kwa sababu vumbi la kawaida la nyumbani na barabarani lina chembe za kwatzi, na kila kuifuta pete ni kuikwaruza.

Ugumu hata hivyo si uimara. Topazi ni namba 8, lakini kuna upande mmoja ambao tabaka zake zimeshikana kwa ulegevu, na pigo dogo upande huo huigawa vipande viwili. Tanzanaiti ina tabia hiyo hiyo, tena ugumu wake uko kati ya 6 na 7 tu. Jedi nayo iko kwenye ugumu wa namna hiyo, lakini madini yake yamesokotana hata ikawa vigumu kuipasua, na watu wa kale waliitengenezea mashoka. Ganeti haina upande wa kupasukia kabisa. Ndiyo sababu tsavoraiti, ganeti ya kijani ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 kabla ya kuikuta tena Kenya karibu na mbuga ya Tsavo, humsumbua mkataji kidogo kuliko tanzanaiti. Kabla msumeno haujawashwa, jiwe hulowanishwa, humulikwa kwa tochi kutoka nyuma, na kila ufa huwekewa alama. Dakika hizo ndizo zinazookoa mawe mengi.

Anayetaka kuanza hahitaji mashine. Huko Tabaka, Kisii, nchini Kenya, mawe ya sabuni huchongwa kwa panga, patasi na visu, kwa kuwa yana talki nyingi. Sanamu ikishapata umbo, husuguliwa kwa msasa wa maji ndani ya beseni, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake, na mwisho hupakwa nta kwa sababu jiwe laini namna hiyo haliwezi kushika mng'ao wake lenyewe. Utaratibu wao ni ule ule wa mkataji wa yakuti: msasa mkali kwanza, laini baadaye. Namba iliyoandikwa nyuma ya msasa asili yake ni chekecheo, yaani idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja, hivyo namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Kosa linaloharibu kazi nyingi za wanaojifunza ni kuruka namba. Mkwaruzo wa namba 80 ukiachwa, msasa wa namba 600 hauna uwezo wa kuufikia chini. Utang'arisha kingo zake tu na kuufanya uonekane zaidi. Maji nayo huficha mikwaruzo, kwa hiyo jiwe hukaushwa kabisa na kukaguliwa kwa lenzi kabla ya kwenda namba inayofuata.

Kwa kwatzi na akiki mkono peke yake huchoka mapema. Njia rahisi hapo ni pipa la kuzungusha, ambalo hufanya kwa mwezi mmoja kazi ambayo mto hufanya kwa miaka mingi. Pipa dogo la mpira hujazwa mawe hadi theluthi mbili au robo tatu, likatiwa maji na unga wa silikoni kabaidi. Unga huu ulipatikana mwaka 1891, pale Mmarekani Edward Acheson alipoupasha moto wa umeme mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na makaa ya koki akitafuta almasi ya kutengenezwa. Almasi hakuipata, lakini alipata fuwele ngumu kuliko korandamu, na wasagaji wa mawe wa dunia nzima wanazitumia mpaka leo. Pipa huzunguka usiku na mchana, kwa kawaida wiki moja kwa unga wa namba 60 hadi 90, nyingine kwa namba 120 hadi 220, nyingine kwa namba 500, na ya mwisho kwa unga wa kung'arisha. Likijazwa pungufu, mawe huanguka na kuchubuana. Likijazwa kupita kiasi, hayateleziani. Mawe ya ugumu mmoja huwekwa pamoja, la sivyo yaliyo magumu huyala yaliyo laini. Kati ya hatua moja na nyingine kila kitu huoshwa, pipa pamoja na kifuniko chake, kwani chembe chache za unga mkali zikibaki zinatosha kuharibu mawe yote katika wiki ya mwisho.

Pipa halichagui umbo. Anayetaka umbo maalumu huanza na kaboshoni, yaani jiwe lenye kitako bapa na mgongo wa mviringo. Gogo la jiwe hukatwa vipande vyenye unene wa milimita tano au sita kwa msumeno wa duara ambao ukingo wake umetiwa chembe za almasi, huku maji au mafuta yakiupoza. Umbo huchorwa kwa kijiti cha alumini, kwa sababu wino wa kawaida huoshwa na maji. Kipande hupunguzwa, hugundishwa kwa nta kwenye kijiti, kisha hupelekwa kwenye gurudumu la kusagia. Ukingo husawazishwa kwanza, ndipo mgongo hupandishwa kidogo kidogo kutoka pembeni kwenda kileleni, jiwe likizungushwa muda wote ili pasitokee sehemu bapa. Baada ya gurudumu kali hufuata namba 220, 600, 1200 na 3000, na kwa kwatzi na akiki mng'ao wa mwisho hupatikana kwa oksidi ya seriamu juu ya ngozi au sufu iliyoshindiliwa. Mawe yasiyopenyeza mwanga hukatwa hivi. Opali nayo hukatwa hivi, pamoja na yakuti zile zinazoonyesha nyota, kwa kuwa nyota hiyo hujitokeza juu ya mgongo wa mviringo tu.

Jiwe linalompima vizuri mkataji wa kaboshoni linatoka Longido, kaskazini mwa Tanzania. Ni zoisaiti ya kijani yenye mabaka ya rubi na madoa meusi ya hornblendi. Rubi ina ugumu wa 9, zoisaiti kati ya 6 na 7, na yale madoa meusi ni laini zaidi. Likisagwa kwa silikoni kabaidi na mkono mzito, kijani huliwa haraka na rubi hubaki imevimba juu ya uso. Mafundi hutumia unga wa almasi, ambao hauitofautishi sana rubi na zoisaiti, wakausambaza juu ya kitu kisichobonyea, na mkono wao huwa mwepesi tangu hatua ya kwanza.

Kukata faseti, yaani nyuso bapa zinazokutana kwa pembe, ndiyo kazi yenye hesabu nyingi. Jiwe angavu hugundishwa kwenye kijiti cha chuma kinachofungwa kwenye mkono wa mashine. Mkono huo una kipimo cha pembe pamoja na gia, mara nyingi yenye meno 96, inayomwezesha fundi kuligeuza jiwe kwa hatua zilizo sawa. Jiwe hushushwa juu ya sahani ya chuma inayozunguka. Kwa kawaida sehemu ya chini hukatwa na kung'arishwa kwanza, kisha jiwe huhamishiwa kijiti kingine ili sehemu ya juu ikatwe. Mtindo wa duara unaojulikana zaidi una faseti 57: 33 juu, ikiwamo ile pana iitwayo meza, na 24 chini.

Pembe za chini ndizo zinazoamua kama jiwe litawaka. Mwanga unaoingia kupitia meza hugonga faseti za chini. Pembe ikiwa sahihi, mwanga hurudishwa ndani na kutokea juu, machoni mwa mtazamaji. Sehemu ya chini ikiwa bapa mno, mwanga hupita moja kwa moja na katikati ya jiwe panatokea dirisha ambalo mtu anaweza kusomea gazeti; ikiwa imechongoka mno, jiwe huwa giza. Kila madini yana kiwango chake, kutegemea yanavyoupinda mwanga. Kwatzi huhitaji kukatwa kwa zaidi ya digrii 41 hivi, wakati almasi, inayoupinda mwanga kwa nguvu zaidi, ina nafasi kubwa ya kuchezea. Mawe mengi yenye dirisha yalikatwa na mtu aliyeogopa kupoteza uzito, maana kito huuzwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Hofu hiyo inaeleweka, lakini jiwe dogo linalowaka hupendeza kuliko kubwa lililokufa.

Tanzanaiti huongeza swali jingine. Jiwe hili, lililogunduliwa Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967 na kutangazwa duniani na kampuni ya Tiffany mwaka 1968, huonyesha rangi tofauti kwa kutegemea linatazamwa kutoka upande gani: buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine, na upande wa tatu rangi inayoelekea kahawia. Joto la nyuzi 500 hivi huondoa ule ukahawia, na tanzanaiti nyingi zilizo sokoni zimepitia tanuri. Kwa kuwa jiwe lenye nyufa laweza kupasuka ndani ya moto, sehemu mbovu huondolewa kabla ya kulichoma. Baada ya hapo fundi huamua meza ielekee wapi. Mara nyingi kuielekeza kwenye buluu kunamaanisha kupoteza uzito zaidi, na kuielekeza kwenye zambarau kunaokoa jiwe kubwa zaidi. Pia meza haipaswi kulala sambamba kabisa na upande wa kupasukia, kwani uso wa namna hiyo hukataa kung'aa na huendelea kubanduka. Fundi huuinamisha digrii chache. Wanaotaka kusomea ufundi huu kwa Tanzania wanaweza kuupata katika Kituo cha Jemolojia kilichoko Arusha.

Katika hatua zote hizi maji hayakosekani, na sababu yake si kupoza tu. Vumbi la kwatzi na akiki likivutwa hukaa kwenye mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao umewaua wachimbaji na wachonga mawe wengi duniani. Malakaiti ya Katanga, jiwe la kijani lenye mistari linalochongwa sana Lubumbashi na Kolwezi, lina shaba nyingi, na vumbi lake ni sumu. Jiwe husagwa likiwa limelowa, barakoa ya kuzuia vumbi laini huvaliwa hata hivyo, miwani hulinda macho, na meza hufutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi. Matope yanayobaki kwenye pipa na chini ya magurudumu hayamwagwi kwenye sinki, kwa kuwa hutuama ndani ya bomba na kuliziba. Huachwa ndooni hadi yatuame, maji ya juu yakamwagwa, na tope likafungwa na kutupwa kabla halijakauka na kuwa vumbi tena.